Mwanao Anataka Shahidi

Mpendwa dada Stella,

Pumzika huko uliko, lakini nipe sikio kidogo, maana huyu Pendo wako atanitoa roho. Uliponiachia alikuwa na miaka tisa, ananisikiliza. Sasa ana kumi na saba na anasoma historia ya Marekani. Nilimuuliza, wewe mtoto wa watu wa Tanga, umezaliwa hapa Lewisham kwa Waingereza, Marekani una nani? Kanijibu kwa Kiingereza, kaingia chumbani.

Mwezi wa tisa kaleta karatasi, eti masharti ya darasa, mlezi atie saini. Unanijua mimi na karatasi. Barua za kaunsili, hao wa serikali ya mtaa, ulikuwa unasoma wewe, mimi naangalia mhuri tu. Nikadhani ni kama ile ya kwenda kuona wanyama, nikasaini. Tena nikamuusia kama mama alivyotuusia sisi: kaa kimya, mwalimu hajibiwi.

Wiki ya sita nikaitwa shuleni. Mwalimu, mama mmoja mpole tu, kanionyesha karatasi ile ile na saini yangu chini. Pendo akawa ananitafsiria huku anaangalia viatu. Kumbe nilikubali kwamba atasoma kurasa chungu nzima kila wiki, atabishana na kitabu, na wenzake, hata na mwalimu mwenyewe, na kila neno atalitolea ushahidi. Asiyefungua mdomo anatolewa darasani. Na Pendo alikuwa hajaufungua hata siku moja. Amebakiziwa wiki moja tu.

Nikamwambia mwalimu, mtoto huyu ana adabu. Akasema, "Adabu naiona. Mawazo yake ndiyo siyaoni."

Nilinuna ndani ya basi mpaka nyumbani. Sisi tunachapa watoto wasijibu wakubwa, wenzetu wanawapa maksi kwa kujibu. Sasa mtu alee vipi?

Nyumbani nikamuuliza kazi yenyewe ni ipi. Watu wawili wamesimulia shamba moja la watumwa huko Marekani. Mwenye shamba kasema watumwa waliishi raha mustarehe, mtumwa aliyetoroka kasema mengine kabisa. Yeye aseme yupi aaminiwe na kwa nini. Dada, nilicheka. Hiyo nayo ya kwendea shule? Si ndiyo kazi yetu ya Jumamosi pale Woolwich, mimi nakusuka, tunapima maneno ya kanisa zima. Nikileta habari ulikuwa huipokei mpaka nikutajie nani kaona kwa macho yake, na aliyeisema anapata nini.

Nikampa Pendo mfano wa yule mama wa sokoni, aliyetangaza kwamba msusi fulani anaharibu watu vichwa, kumbe naye kafungua saluni mtaa huo huo. Pendo akaweka kalamu chini. Akasema, tena kwa Kiswahili, "Kwa hiyo mwenye shamba naye ana saluni."

Nikamwambia anza hapo. Akanibishia, na mtoro je, yeye hana lake? Nikasema analo, anataka ahurumiwe. Ila kile kibanda cha watumwa kalala yeye, bwana wake hajakilala hata siku moja.

Ijumaa kaongea mpaka kengele ikalia. Wamembakisha. Nikafurahi siku mbili tu.

Sasa nyumba haikaliki. Nikisema fulani kaachika, anataka shahidi. Mashoga zangu wameanza kukwepa jiko langu. Juzi nikamsimulia ulivyokutana na baba yake kituo cha treni, ukamkanyaga mguu, hadithi niliyomlelea. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza taratibu, "Mama mdogo, wewe ulikuwepo?"

Sikuwepo, dada. Nilipewa na wewe, mengine nimejazia mwenyewe miaka yote hii. Nikamwambia hivyo hivyo. Kachukua daftari, yako kaandika upande huu, yangu upande ule. Wako umetoka mistari mitatu.

Siku ile uliyoniletea habari yake ulitaka kunisimulia yote. Mimi na mdomo wangu nikakukatiza.

Nisamehe kwa hilo, na mwanao nakulelea.

Mdogo wako