Bastola ya Kumi na Moja na Picha ya Mama

Bladensburg, Maryland,
Marekani.
18 Juni 2006

Mpendwa dada Anitha,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimekuachia, na baridi ya Juni huko Mbinga haijakufungia ndani. Shemeji Ferdinand hajambo? Watoto je? Na kahawa mwaka huu imezaa? Sisi huku hatujambo. Chepkoech bado anafanya usafi kwenye mabweni ya chuo kikuu kule College Park. Tito ametimiza miaka minne. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, halafu ananijibu Kiingereza kama bosi wangu.

Mimi mwenyewe mwili ni mzima, ila usingizi umenipungua. Sababu ni ile picha ya mama uliyonitumia mwezi uliopita. Nina swali juu yake, na nakuomba usiikunje barua kabla hujalifikia. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika, unanijua.

Kwanza karatasi zangu, maana najua utauliza. Hazijatoka. Huu ni mwaka wa tano faili liko kwenye foleni, na wakili anarudia yale yale: nikivuka mpaka kabla hazijatoka, mlango unafungwa miaka kumi, na Chepkoech na Tito wanabaki upande huu. Kwa hiyo nipo. Nyumbani, basi, kazini, basi, nyumbani. Hata gari siendeshi, naogopa kusimamishwa na polisi kwa sababu ya taa moja iliyoungua. Nchi kubwa namna hii, na mimi naishi ndani ya barabara mbili. Nimechoka, dada. Nakuambia wewe kwa kuwa huku kila mtu amechoka na hakuna wa kumwambia.

Kazi niliyopata ni kumtunza mzee mmoja hapa hapa Bladensburg. Anaitwa Solomon, Mmarekani mweusi, fundi mitambo mstaafu. Kisukari kimemmaliza macho, anaona vivuli tu. Miaka ya sabini alisoma Kiswahili darasa la jioni, na yamembakia maneno kama arobaini hivi. Saa yoyote nikiingia ananiambia, "Habari gani, ndugu," na kabla sijafungua mdomo anajijibu mwenyewe, "Njema."

Huyu mzee amekusanya bastola za zamani maisha yake yote, kama wengine wanavyokusanya stempu. Ni zile ndogo, za risasi nyembamba ambayo nyundo huigonga ukingoni mwa kitako badala ya katikati. Sasa anahamia kwa binti yake Greenbelt, na binti hataki kuona hata moja mlangoni kwake. Dalali wa mnada ameomba orodha: kila bastola, namba yake, na mwaka iliotengenezwa. Ziko kumi na moja.

Usishtuke, mimi sizigusi. Kwa mtu wa karatasi kama zangu, bastola mkononi ni kesi, hata kama haina risasi. Mzee ndiye anayeishika na kuigeuzia ubavu kwenye taa. Mimi nainama na kioo cha kukuzia, mkono mwingine nimeuficha mgongoni kama tulivyokuwa tukisimama mbele ya mwalimu mkuu, nasoma namba. Halafu nafungua kitabu chake. Kimeandikwa mwaka fulani kiwanda kilianzia namba hii, mwaka uliofuata namba ile, na wewe unatazama namba yako imeangukia wapi.

Siku ya kwanza nilidhani kazi ni hiyo tu. Mzee akanicheka. Alisema namba hupigwa siku fremu ya chuma inapotengenezwa, lakini bastola yenyewe inaweza kukaa ghalani miaka miwili au mitatu kabla ya kuuzwa. Tena kiwanda kikibadilisha umbo, hesabu wakati mwingine inaanza upya. Ndiyo maana alama moja haitoshi. Unasoma namba, kisha unatafuta kitu cha pili, kama mshikio ni wa mbao au wa plastiki, na viwili vikikubaliana ndipo unaandika mwaka. Hilo la kukaa ghalani na namba mgongoni nililielewa upesi kuliko alivyotegemea.

Sasa picha yako ilinikuta katikati ya kazi hiyo. Nyuma umeandika, "Mama, Pasaka 2006." Niliibeba kazini kwa sababu moja tu, nilitaka kuuona uso wake vizuri kwa kile kioo. Nikauona. Kovu la kwenye nyusi, kitenge cha zambarau, na ule mdomo anaoukaza akiambiwa acheke mbele ya kamera. Nilifurahi sana, dada. Kisha kioo kikapanda juu kidogo, kikafika kwenye kalenda ya parokia iliyoko ukutani.

Ni ukurasa wa Aprili. Tarehe moja ni Alhamisi, na Jumapili ya tarehe kumi na moja imeandikwa Pasaka kwa wino mwekundu. Pasaka ya mwaka huu ilikuwa tarehe kumi na sita. Hiyo ya kumi na moja ni ya mwaka juzi.

Nikajitetea kwamba kwetu kalenda yenye picha ya Bikira Maria haitupwi, inaweza kukaa ukutani hata miaka kumi. Basi nikatafuta alama ya pili. Nyuma ya bega la mama kuna dirisha la mbao. Na wewe mwenyewe uliniandikia Agosti mwaka juzi kwamba lile dirisha mmeling'oa mkaweka la vioo, na mama analalamika kuwa majirani wanamwona akila. Barua hiyo ninayo. Picha ni ya kabla ya Agosti 2004.

Baada ya hapo mengine yalijipanga yenyewe. Sauti ya mama niliisikia mara ya mwisho mwezi wa Novemba. Tangu hapo kila nikipiga simu mama yuko jumuiya, mama amelala, mama amekwenda Songea kwa shangazi, au mtandao unakatika. Na ule msalaba mdogo aliokuwa akiuchora kwa mkono wake chini ya barua zako, sijauona tangu Krismasi.

Nilikaa na jambo hili majuma matatu. Nilikupigia mara mbili nikakuuliza habari za mvua. Chepkoech akaniambia, "Si umuulize tu? Kwani unaogopa nini?" Nilikuwa naogopa kuambiwa.

Jumamosi iliyopita tukafika kwenye bastola ya kumi na moja. Hiyo mzee alikuwa akiirudisha nyuma kila siku, kwa sababu ni ya baba yake. Baba yake alikufa mwaka 1944, na mama yake, aliyekuwa akifua nguo za watu, alimkabidhi bastola hiyo alipofika miaka kumi na sita, akamwambia ndiyo kumbukumbu pekee ya marehemu. Amenisimulia habari hiyo labda mara ishirini.

Niliisoma namba kwa sauti. Nikafungua kitabu. Mwaka 1949. Nikatazama mshikio, nao ni plastiki ya miaka hiyo hiyo. Mzee alikuwa amegeuzia uso upande wangu, anangoja. Dada, nikamdanganya. Nikasema 1939.

Aliisugua ile namba kwa kidole gumba. Halafu akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mimi najua zamani, ndugu."

Aliugundua ukweli akiwa na miaka thelathini, mama yake yungali hai. Bila shaka mama aliinunua mahali, imeshatumika na mtu mwingine, ili mwanawe asikue bila kitu cha baba yake. Mzee hakumwambia kwamba amejua. "Miaka ishirini tulikula meza moja," alisema, safari hii kwa Kiingereza. "Yeye ananificha mimi, na mimi namficha yeye. Kila nikitaka kumuuliza baba alikuwa mtu wa namna gani, nilikumbuka bastola, nikaacha. Amekufa sijamuuliza." Kisha akaniagiza niandike 1949, kwa sababu dalali si mama yake.

Ndiyo maana nimekaa leo kukuandikia. Dada, sitaki mimi na wewe tufike huko.

Najua kwa nini umefanya ulivyofanya, na sina hasira. Baba alipofariki mwaka 2002 nilikuwa nimeshapanga sanduku, ni mama aliyenizuia kwa simu. Niliapa mkisikia wote kwamba ikifika zamu ya mama, hakuna karatasi itakayonishika, nitakuja liwe liwalo. Wewe ulikishika kile kiapo kuliko mimi. Ukaamua kunificha ili nisiwaache mke na mtoto nikaja kusimama kaburini. Ungeniambia mapema, ningekuja kweli.

Kwa hiyo nakuandikia hili ili uwe huru kusema. Tumezungumza na Chepkoech, tumelia, tumemaliza. Sitakuja. Kiapo changu nakivunja mwenyewe kwa mkono huu, na katika barua yote hii hakuna mstari ulioniuma kama huu. Hakuna tena sababu ya kunilinda.

Swali langu ni hilo, nadhani umeshaliona. Kama ni ugonjwa, niambie ugonjwa gani, na umshikishe kalamu anichoree msalaba hata ukipinda. Kama ni lile jingine, usihangaike na maneno mengi. Niandikie tarehe tu. Nimetoa miaka ya bastola kumi na moja za mtu mwingine, na ya mama yangu sijui.

Nisalimie shemeji Ferdinand na watoto wote. Mjomba Nehemiah mwambie shikamoo, na redio yake sijaisahau. Shangazi wa Songea naye msalimie, nadhani amechoka kusingiziwa wageni. Katika barua zote nilizowahi kuandika mama nilikuwa namtanguliza kwenye salamu. Safari hii nimemwachia nafasi hapa chini, kwa sababu sijui nimwamkie shikamoo au nimwombee raha ya milele. Nitaijaza ukinijibu.

Mama: ..............................

Mungu akutunze, dada, na akupumzishe na huo mzigo uliokuwa ukiubeba peke yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye nikiwa mbali,

Gervas