Ukuta wa Mjomba na Nyundo ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma ya kinyozi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo, na hao wanangu wawili ninaowajua kwa picha tu? Natumaini kifua chako kimepona na baridi ya huko haijakumaliza masikio. Sisi huku tu wazima, kwa kadiri watu wa nyumba hii wanavyoweza kuwa wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri, anagombana vizuri. Mimi nimevimba mdomo na nimepungukiwa jino la mbele, kwa hiyo hata ukinipigia simu utadhani unaongea na bibi kizee. Ndiyo maana nimeona niandike. Tena mambo haya ungeyasikia kwenye simu ungenikatiza katikati, nakujua.

Ni kuhusu nyumba unayotaka kumjengea Mama. Umemwambia Mjomba aanze msingi mwezi ujao. Mdogo wangu, mwambie asianze. Mama amesema nyumba ikijengwa kwa mkono wa Mjomba yeye hatii mguu ndani, afadhali azeekee kwenye chumba hiki cha kupanga, akisikiliza mashine za kinyozi kutwa nzima. Hilo ulijue kwanza, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo.

Najua utauliza kuna nini kati ya Mama na ndugu yake. Basi kaa kitako. Uliambiwa kwamba baba alikufa kwa mvua, kwamba ukuta wa jiko ulilowa ukaanguka. Siku ile mvua haikunyesha. Lilikuwa jua la kukausha mate. Ukuta ule aliujenga Mjomba, mbiombio kama kawaida yake, mchanga mwingi na saruji kiduchu, na baba aliuegemea ili afunge kamba za viatu. Aliegemea tu, hakufanya jingine. Wewe ulikuwa mgongoni kwa Mama. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza, nikamkuta kichwa kimepondeka na vidole bado vimeshika kamba ya kiatu.

Mama alikataza usiambiwe kwa sababu Mjomba ndiye aliyekulea na kukusomesha baada ya hapo, nawe ukampenda kama baba. Alisema hutanyang'anywa baba mara ya pili. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu mimi unajua ni kazi kubwa kuliko kuchimba kisima. Sasa Mama mwenyewe ameniruhusu. Ukitaka kulia, lia, kisha uendelee kusoma.

Mwanzoni, uliposema tutafute fundi anayefaa, ila moyo wako uko kwa Mjomba, Mama aliitikia "sawa" ya upole kabisa. Mimi nilipousikia ule upole nikajua kuna jambo. Kesho yake akaita watu watatu kiwanjani. Wa kwanza Mkandarasi, yule bwana wa gari jeupe na kofia ngumu. Wa pili Mjomba. Wa tatu fundi wa mtaani aliyejenga choo chetu, tunayemwita Matusi, na jina hilo hakupewa kwa uzuri wa tabia.

Akawaambia hivi. Kila mmoja ajenge kona ya ukuta wa kufika kifuani, kwa matofali yetu na saruji yetu. Ukuta ukikauka, aliyeujenga atakaa chini auegemee, na upande wa pili mtu atapiga kwa nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. "Kama yeye anauogopa ukuta wake," Mama akasema, "mimi nitalalaje ndani yake?"

Wakacheka wote. Mama hakucheka. Nyundo akanipa mimi, maana mabega haya ya kubeba magunia ya nafaka sokoni si ya mapambo.

Mkandarasi aliondoa tabasamu kwanza. Akatandaza michoro yake juu ya boneti, akasema kampuni yake haifanyi michezo ya kitoto, yeye hujenga kwa mkataba, na mteja akitaka uhakika kuna bima. Kusema kweli michoro yake ilikuwa mizuri, hata madirisha yalikuwa na mapazia. Lakini Mama alipomuuliza ni nani hasa atakayeshika mwiko, akasema hilo bado. Mafundi wenyewe angewatafuta baadaye. Matusi akamwambia neno ambalo siwezi kuliandika, wifi asije akalisoma. Mkandarasi akamjibu kwamba hazungumzi na wachanganya udongo. Lo! Kabla hajafunga mdomo alikula ngumi ya pua. Kofia ngumu ikaruka, damu ikamwagika kwenye michoro, dereva wake akaja na spana, Matusi akampiga teke la goti, wakabiringishana wote watatu juu ya kokoto wakipigana vichwa. Niliwaamua kwa ndoo ya maji machafu. Mkandarasi akaondoka ameziba pua kwa tai yake, na mpaka leo hatujamwona.

Wakabaki wawili. Matusi alijenga polepole huku akitukana matofali, akitukana jua, akimtukana aliyechoma yale matofali. Kila asubuhi alirudi kuumwagia ukuta wake maji ili saruji ishike, na akinikuta pale ananitukana na mimi. Aliniita gogo la mbuyu. Nilimchukia mtu yule, mdogo wangu, nilimchukia mpaka meno yakawa yananiwasha.

Mjomba alijenga kona yake kabla chai haijapoa. Akapangusa mikono, akasema, "Ukuta ni ukuta tu, mwanangu," akaondoka zake. Hakurudi hata mara moja kuutia maji. Nilitamani kumwambia. Nikamtazama Mama, akatikisa kichwa.

Alhamisi ndiyo tulipiga. Majirani walijaa, wengine wamekuja na viti vyao. Matusi akakaa wa kwanza, akabandika mgongo ukutani, akaanza: "Piga basi, gogo! Au umeletwa hapa kuota jua?" Damu ikanichemka. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, mpini ukaniumiza mpaka kwenye bega. Tofali moja likamenyeka. Nikapiga tena. Nikapiga ya tatu huku namlaani na ukoo wake wote, na ukuta umesimama tu, na yeye nyuma yake ananiuliza kama nimeshaanza.

Halafu Mjomba. Alikuja na shati lake jeupe, akanyoosha miguu, akakunja mikono, akanitabasamia kama alivyokuwa akitutabasamia tulipokuwa watoto. "Piga, mwanangu, usiogope." Hapo moyo ukanisaliti. Nikaishusha nyundo. Nikamwambia Mjomba, tafadhali inuka, yaishe hapa, tuseme umeshindwa kwa heshima. Akakasirika mbele za watu. Akasema mtoto wa juzi hamfundishi kazi, na kwamba ukuta wake haujawahi kumdhuru mtu.

Mungu wangu! Alisema hivyo mbele ya Mama.

Mama akanisogelea, akanisemea sikioni: "Usimpunguzie." Sikumpunguzia. Nilipiga mara moja. Kona yote ikamwagika juu yake, na nikasikia mfupa wa mguu wake ukikatika, mlio mkavu kabisa, halafu mayowe. Shati jeupe likawa jekundu begani. Vumbi lilipotulia niliona saruji imebaki unga mtupu, unaishika inapukutika mkononi.

Mwanawe mkubwa akanirukia. Alinipiga mpini wa koleo mdomoni, jino likaenda. Nami nikamng'ata mkono kwa domo hilo hilo lenye damu, sikumwachia mpaka alipoanguka. Matusi alimwinua kwa ukosi na kumtupa kwenye rundo la mchanga, na ni kweli alimpiga zaidi ya ilivyohitajika, jicho lake bado limefumba. Watu walikuwa wanapiga kelele, viti vinavunjika, mama mmoja jirani anampiga mumewe kwa kandambili kwa sababu nisizozijua.

Katika vurugu hiyo yote Mama alikuwa amesimama juu ya ndugu yake. Hakulia. Akamwambia, "Hivi ndivyo mume wangu alivyolala. Ila wewe unapumua." Mayowe ya Mjomba yakakatika. Kisha Mama akapiga magoti akaanza kuyatoa matofali kwa mikono yake, moja baada ya jingine, kucha zikipasuka, akimfokea kila aliyetaka kumsaidia.

Mguu umevunjika mahali pawili. Daktari ameutia vyuma, na amesema Mjomba atatembea, lakini kwa mkongojo, na ngazi asahau. Nilikwenda kumwona jana. Nilikwenda kuomba radhi, Mungu ananiona. Akanigeuzia uso ukutani, kisha akasema, "Mwambie mdogo wako ukuta haukuwa na kosa. Wewe ulipiga kwa chuki."

Ni kweli nilipiga kwa chuki. Lakini Matusi naye nilimpiga kwa chuki ile ile, pengine zaidi, na ukuta wake uko pale kiwanjani mpaka sasa hivi, watoto wa jirani wanaupanda. Nikamjibu hivyo hivyo. Nilipofika mlangoni nikamsikia analia, sauti ya mtu mzima anayelia ndani ya mto, na sikurudi.

Sasa kuhusu kazi. Matusi atajenga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, sisi tukinunua vifaa na mimi nikisimamia. Tutatukanana kila siku ya Mungu, tumeshazoeana. Chora nyumba ya chini, usilete mambo ya ghorofa. Na Mjomba umwambie wewe. Nyundo nimepiga mimi, mdomo nimepasuliwa mimi, lakini neno la kumkatalia liko kwako, kwa sababu ni wewe anayemngoja. Kila mlango wa wodi ukifunguliwa anauliza kama umepiga simu. Usimtumie ujumbe wa maandishi kama mtu anayefukuza mpangaji. Mpigie asikie sauti yako. Kama utamwuliza habari za baba, au utamezea, hilo sikuamulii.

Bado jambo moja, na hili limenikasirisha kuliko jino. Jana jioni Mama alitoka hospitali kumlisha supu ndugu yake, akanikalisha, akaniambia nikuandikie uongeze chumba kimoja karibu na chake, mlango mpana, bila kizingiti, cha kuishi Mjomba. Nilipiga kelele mpaka kinyozi akazima mashine. Nikamuuliza, Mama, baada ya yote yale? Baada ya baba? Akaniacha nimalize, akapangusa mikono yake yenye kucha zilizopasuka, akasema: "Ndugu yangu simtupi. Atalala ndani, atakula ndani, atazikwa kutoka humo ndani. Lakini katika nyumba yangu hatashika hata tofali la kuzuia mlango."

Basi weka chumba hicho.

Mama mdogo anakusalimu, na shangazi anauliza zile dawa za macho. Kinyozi naye anakusalimu, anasema akikumbuka kichwa chako anacheka. Msalimie wifi, na wale wanangu uwabusu kwa niaba ya shangazi yao kibogoyo. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi usiku utakapousoma waraka huu, na akulete nyumbani sisi sote tukiwa hai.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokufokea,
Dada yako mkubwa.