Kadi za Harufu

Yonago,
Novemba, baridi imeingia

Mdogo wangu Kengo,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo Natsue, na kwa ng'ombe wenu wote, maana najua nisipowataja utanuna. Natumai theluji ya Obihiro haijawafungia ndani, na kwamba mgongo wako umepona kweli, si kule kuniambia umepona huku umeshika kiuno. Mimi huku natembea, nakula na kugombana na watu kama kawaida. Kaa wa mwaka huu wamenona. Nimewatumia wawili, mwache Natsue achague kwanza.

Uliniuliza kama ni kweli taasisi yetu ya ubongo inafungwa. Sijui nani kakutia maneno hayo sikioni, lakini si kweli. Kweli ni kwamba serikali inatupa cha kuwasha taa na kulipa mishahara, ila kazi yenyewe inabebwa na wale tunaowaita marafiki wa taasisi. Kila mwaka wanakuja kupimwa kutembea, kukumbuka na kunusa, na wakifariki wanatuachia ubongo wao. Hakuna duka linalouza kitu hicho. Mwaka huu tulitikisika kwa sababu wazee wanaondoka na watoto wao wanakataa, na bila ruhusa ya ndugu hatumgusi mtu hata kama yeye mwenyewe aliomba. Kuwabembeleza hao ndugu ndiyo kazi yangu, na bila wao utafiti wetu wa harufu ungekwama.

Oktoba tuliwakusanya marafiki wote tuwape habari za mwaka. Daktari Isurugi, mkuu wetu, aliwaeleza kwamba kutokana na waliotangulia sasa tunaweza kuutambua ule ugonjwa wa kutetemeka, uliomchukua Baba, miaka mingi kabla mkono haujaanza kucheza. Pua ndiyo inayotangulia kuharibika. Akasema ipo na dawa inayojaribiwa kwa watu wanaogunduliwa mapema hivyo. Hakuahidi muujiza, alisema tu kwamba tumesogea na kwamba waliotusogeza ni wao. Mzee mmoja wa nyuma akamwambia apaze sauti, nusu ya waliomo ukumbini ni viziwi, na maskini Daktari akaanza upya tangu salamu.

Kisha tukaweka maua. Unaijua desturi yetu: kila mmoja anaweka ua jeupe la krisanthemu mbele ya majina ya waliotoa ubongo wao mwaka huo. Marafiki walio hai huyatazama majina yale kama watu wanaokagua chumba watakachopanga. Bibi Toyoko, yule aliyekuwa akiuza tofu, ile jibini laini ya soya, karibu na stesheni, akanivuta mkono. "Chizuru, mwandiko gani huu wa kuku? Jina langu aandike mtu mwingine."

Mwanawe Masaru alikuwa amesimama kando na ua mkononi, haliweki. Huyo amenikatalia tangu zamani. Siku hiyo pia akaniambia mama yake hatakwenda huko anakokwenda akiwa nusu nusu. Maneno yako yaleyale, Kengo, mbele ya jeneza la Baba. Baba alitaka, wewe ukakataa, nami nikawainamia madaktari kuwaomba radhi, wakarudi walikotoka. Sikukulaumu, ulikuwa unalia.

Bibi Toyoko akamgeukia. "Masaru, mimi nimekata tofu maisha yangu yote. Nikikatwa na mimi kidogo, kuna ubaya gani?"

Waliosikia wakacheka. Masaru naye akacheka bila kupenda, kisha machozi yakamtoka palepale, na kabla ya kwenda nyumbani akakubali. Ndugu wengine waliomwona wakalegea pia, wengi kuliko nilivyotarajia. Kwa hiyo mwaka huu tumevuka, na utafiti unaendelea.

Sasa keti chini, mdogo wangu.

Siku ileile walihitajika watu wazima wa afya ili wagonjwa walinganishwe nao. Nikajitolea, kwa mara ya kwanza, maana miaka yote mimi ndiye ninayewapimia wengine. Unakwaruza kadi yenye harufu, unanusa, unataja ni harufu ya nini. Ya kwanza sikusikia kitu. Ya pili nikasikia karatasi tu. Nikamwambia daktari wa zamu kadi zake zimechacha, nikamfokea kwamba ameziacha juani, na nilimfokea vizuri hasa, unanijua. Bibi Toyoko alikuwa akisubiri zamu yake. Akanyoosha mkono, akazinusa moja moja: chungwa, wino, soksi chafu, mti wa hinoki. Akaniangalia usoni. "Mwanangu, una mafua?"

Sikuwa na mafua.

Wamenipima upya na kunipiga picha za kichwa. Ni ule wa Baba. Mikono yangu bado imetulia, kama mwandiko huu unavyokuonyesha, na nimeingizwa kwenye kundi la wanaojaribiwa dawa. Huenda nameza unga mtupu usio na dawa, hawaniambii. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikarudi kazini. Baba aliujua ugonjwa wake alipokuwa hawezi tena kushika bakuli. Mimi nimeujua mapema, na sababu ni wale watu tuliowawekea maua. Nina matumaini ya kweli, Kengo, si ya kukutuliza wewe.

Ila nami nimejiandikisha kuwa rafiki wa taasisi. Sina mume wala mtoto. Ndugu wa kutoa ruhusa ni wewe peke yako. Siku yangu ikifika, kabla hujamwita mtawa wa hekalu, kabla hujawaambia shangazi zetu, wapigie kwanza wenzangu hapa. Nimewaomba watoto wa watu wengi neno hilo na sauti yangu haikutetemeka. Kukuomba wewe nimeogopa, na ndiyo maana nilikuwa sipokei simu zako.

Msalimie sana Natsue, mwambie mwenyewe habari hizi, usimfiche. Usikimbilie kujibu. Ukiandika hapana, nitakuja Obihiro nikae kwako mpaka ubadili neno. Ukiandika ndiyo, nitakuja vilevile, kwa sababu nimekukumbuka.

Dada yako akupendaye,
Chizuru