Mama, Muhogo Wako Nimeung'oa

Kamina, kambini

Mama yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie huko kwetu Maniema, Kasongo, wewe na hayo magoti yako yanayokusumbua. Umeamkaje? Mvua imeanza? Kaka Saidi, wewe unayemsomea mama, soma polepole, na usiruke mahali pa kusikitisha, maana nakujua. Mimi na mwanangu Asha ni wazima wa mwili. Baba Asha bado yuko mpakani na kikosi chake, wala hajaandika. Jioni tunakula bukari, ugali wetu wa muhogo, wawili tu, na Asha akishalala sina wa kuzungumza naye. Majirani wanaongea Kiluba chao, mimi naitikia kwa kucheka.

Mama, nina habari ya muhogo. Ile miti uliyonifungia kwenye gunia siku naolewa, yenye shina jekundu, ilishika vizuri nyuma ya nyumba. Mihogo yake nilikuwa nailoweka kwenye kijito cha chini ya kambi ili uchungu utoke. Kidimbwi changu kilikuwa cha mwisho kabisa, maji yakinifikia baada ya wanawake wote, kwa sababu mimi ni mgeni.

Asubuhi moja tulisikia radi na mawingu hakuna. Kitu kilikuwa kimeanguka kule juu, kijito kinakotokea. Tulikwenda kutazama, tukakuta pipa refu la chuma limepasuka, linamwaga majini kitu cha manjano chenye moshi. Alikuwepo askari mmoja kutoka jimbo la Equateur, Kiswahili chake cha kuokoteza. Mama Kabange, ambaye ndiye mkubwa wa wanawake pale kijitoni, akamwuliza, "Hii kintu inatokea wapi?"

"Inatoka mbinguni, mama. Musiguse."

Neno hilo moja ndilo lililoniponza. Yeye alitaka kusema huko juu, kupita mawingu, ambako Wazungu wanarusha roketi zao siku hizi. Wenzangu walisikia mbinguni kwa Mungu. Mama Kabange alianzisha wimbo wa kanisa, na wengine wakapiga magoti kwenye matope. Baadaye lori la jeshi lilikuja kubeba pipa, uchafu wake ukabaki majini.

Basi samaki wakaanza kuelea, matumbo juu. Vyura wakanyamaza. Nikasema ni lile pipa, na Mama Kabange akanijia juu.

"Weye, Mama Asha, kintu ya Mungu itaua samaki namna gani? Ile muhogo yako nyekundu ya Maniema njo iko na sumu!"

"Minyi niko chini yenu bote," nikamjibu. "Samaki imekufia kule juu. Sumu yangu ilipanda mulima na miguu?"

Hakuna aliyecheka. Jumamosi, siku ya salongo, badala ya kwenda kufagia barabara kama serikali inavyotaka, wanawake wale walikuja na majembe mpaka nyuma ya nyumba yangu. Ama muhogo ung'olewe na kuchomwa, ama nisikanyage tena kijitoni. Niliogopa, Mama, na nilikasirika. Nikawaambia hakuna mtu mwingine atakayegusa muhogo wa mama yangu. Nikaung'oa mwenyewe, shina moja moja, nikautia moto. Asha alilia palepale. Mimi nilingoja kwanza waondoke.

Maji hayakupona. Mihogo ya Mama Kabange mwenyewe ilitoka kidimbwini ya manjano, inanuka kama maji ya batri. Jana alikuja, akakaa chini kabla sijamkaribisha. Alibeba sombe, majani ya muhogo wa shamba lake, kwa kuwa alijua mimi sina tena.

"Minyi nilizani ya mbinguni yote iko safi," akasema, akavuta kinu. Tuliyatwanga pamoja. Siyo mabaya, ila siyo yako.

Yule askari anasema huko juu kumejaa mabaki ya vyuma, yanaizunguka dunia tu. Sisi hapa tukikosa salongo tunafungwa. Huko juu nani anafagia? Zamani nikikukumbuka sana nilikuwa natoka nje na kutazama juu, nikijiambia mbingu ndiyo hii hii iliyo juu ya paa la mama. Ilikuwa inanituliza. Sasa nikitazama nakuogopea. Kikianguka kitu huko kwenu, tafadhali msikiimbie wimbo. Funikeni kisima kwanza.

Unisalimie shangazi yangu mshona mikeka, mjomba anayeadhini, na yule jirani yako wa mawese ambaye ulinikataza kumcheka.

Na unitumie miti ya muhogo kwa treni, hata michache, uifunge kwenye gunia bichi kama siku ile. Nitaipanda palepale. Nyumba hii haina tena kitu chochote kilichotoka mkononi mwako.

Mwanao,
Mwamini