Neno Lililomuua Mhunzi

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kidomo,

Habari za huko mbali? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unalala sakafuni? Wifi hajambo? Na mapacha, wameshajifunza kugombana kwa adabu? Sisi huku tu wazima. Mama ana mafua kidogo, ila mafua hayo hayajamzuia kusema.

Barua yako ya hasira niliipata. Umeapa hutaitazama tena ile tamthilia yetu, na waandishi wake wapewe majembe wakalime. Basi tulia, nina jambo la kukwambia, na ukilisikia utacheka mpaka mbavu zikuume.

Unajua miaka yote hii mimi ndiye sauti ya Kiswahili ya Mhunzi, yule mwanamke anayefua panga za mfalme, asiyeogopa joka wala mtu. Kurasa za kusoma tunapewa asubuhi ileile ya kurekodi. Siku ile nimesimama studio, vipokea sauti masikioni, nangoja zamu yangu. Mfalme akauliza Mhunzi yuko wapi, na mlinzi akajibu, "Ametutoka." Zamu yangu haikuja. Kumbe nimeshakufa, hata kukohoa sijakohoa!

Nilirudi nyumbani nikalia, usinicheke. Kazi ile ndiyo inayoniweka mjini. Halafu, mdogo wangu, sauti nyingine nitakazopewa ni za mama mkwe na majirani wambeya. Nani atampa upanga mwanamke wa umri wangu? Wiki zikapita, studio hawaniiti, nami naona haya kuuliza.

Mtaani ndiyo usiseme. Fundi cherehani wa jirani alinipa pole kwa sauti ya chini kabisa. Muuza nyama aliniuliza watazamaji wametukosea nini, akanikatia mifupa mitupu. Lakini Mama aliwashinda wote. Alitaka kujua kwa nini nilikubali kufa kijinga vile, na akawa ananimiminia chai bila kunitazama.

Na walikuwa na haki! Mtu aliyewaokoa wote anakufa nje ya picha, wenzake hawatoi chozi, hakuna anayeuliza kaburi liko wapi, na mfalme anaendelea kutafuna paja la bata! Hiyo ni hadithi au ni dharau? Kufa tunakufa sote, lakini mtu hafi kama paka wa jalalani.

Sasa sikiliza. Jumanne akaja mtafsiri wetu, yule tunayemwita Asali, maana kila neno lazima alitie utamu kwanza. Alisimama mlangoni jasho linamtiririka, karatasi mkononi, akasema, "Dada, nisamehe, hujafa."

Katika sehemu mpya Mhunzi anaingia ukumbini, anaomba maji ya kunywa, wala hashtuki mtu! Asali akarudi kuyapekua maneno ya lugha ya asili ya tamthilia. Lo! Mlinzi alikuwa amesema tu kwamba Mhunzi ameondoka. Kagombana na mfalme, kachukua nyundo yake, kaenda zake. Asali aliona "ameondoka" ni neno kavu, akaandika "ametutoka". Kwa utamu huo akanizika mzima mzima.

Nilinyanyua mkono nimpige kofi, nikajikuta nimemkumbatia. Kesho yake nilirudi studio nikarekodi, na mlinzi naye ameitwa airudie sentensi yake.

Sikufichi, yapo makosa ya waandishi yasiyo na dawa. Joka lililohangaika msimu mzima kuvuka milima, sasa linaivuka kabla maziwa hayajachemka. Na yule mtoto wa mfalme, mpole wa watu, kaamka siku moja ni muuaji, sababu hakuna. Hapo nakuunga mkono, majembe wapewe.

Sehemu mpya ilionyeshwa jana jioni. Mama sikumwambia kitu. Alikuwa amesusa, amegeuza kiti ukutani anachambua mchele. Sauti yangu ilipotoka, "Nipeni maji," mikono yake ikasimama. Akageuka akatazama picha, akanitazama mimi niliyekaa kando yake nimefunga mdomo, akatazama picha tena. Kisha, Kidomo, alifungua dirisha akamwita fundi cherehani kwa sauti ambayo hatujamsikia nayo tangu mafua yamshike, "Jamani, mwanangu yu hai! Mwanangu hajafa!" Nilicheka, halafu nikashindwa kucheka, nikalia kwenye bega lake.

Nisalimie wifi, mapacha, na Baba Mkubwa ukimpata akiwa macho. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape riziki na usingizi mwororo.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mzima wa mwili na wa kazi,

Dada Mkubwa