Rangi ya Lori la Kiponda

Jumatano, 8 Oktoba 1986

Kiponda kaja mwenyewe leo! Chairman wa askari wazee wa Malindi, tumbo limetangulia, fimbo inafuata. Lile lori lake la jeshi alilolinunua mnadani baada ya vita, akalibebea mbata za nazi mpaka likafa – fundi kalifufua injini. Sasa anataka nilipake rangi kwa sikukuu ya Kenyatta. Atapanda juu, awapungie watu mkono. Eti ndilo alilobebea risasi kule Uhabeshi. Risasi! Chai ilinipalia.

Akasema, "Kaingu, mji huu nani aijuaye rangi ya jeshi kama wewe?" Nikamwambia hakuna, Chairman.

Nilikubali upesi mno. Mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nakwangua. Juu kutu. Chini ya kutu rangi ya kijani aliyoipaka yeye – vibaya, kama mtu anayefukia kitu. Chini yake, ubavuni, weupe. Nikaongeza msasa. Msalaba mwekundu! Pande zote mbili.

Nilijua upo. Lakini kujua na kuona si kitu kimoja. Nilikaa chini, mgongo kwenye gurudumu.

Kiponda hakubeba risasi hata moja. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, hili hili. Siku ile kule vitani, sote askari, ndugu yangu Mwambire tumbo la kuhara limemmaliza, nimemshika kwapani, Kiponda kasimama. Gari limejaa, akasema. Limejaa! Nyuma nimeona makatoni ya sigara na nyama za kopo, za kuuza. Akatutimulia vumbi. Mwambire kafia hapo hapo kando ya barabara, kichwa mapajani kwangu.

Kache mkewe yuko kwangu mpaka leo. Anajua mumewe aliugua, basi. Mengine nilimwambia sikuwepo. Ningemwambiaje, halafu alale?

Lakini wewe Kiponda – utanitambua.

Jumanne, 14 Oktoba

Dukani kwa Mwaura. Nimetaka kijani mbili, moja ya mafuta, moja ya unga wa kukoroga na maji. Mwaura kakataa kunipimia. "Mzee, hii ya unga ni ya ukuta ya ndani! Mvua ikinyesha mara moja, yote inaenda."

Ndiyo hiyo hiyo, nikamwambia. Nipe. Na nyeupe ya mafuta. Na nyekundu, ile kali kabisa.

"Sasa unapaka lori ama unapaka arusi?"

Mtu wa bara huyu ana mdomo. Nimempenda.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemaliza! Lori zima kijani ya mafuta, unajiona uso. Misalaba nimeifufua, nyekundu ya damu mbichi. Ilipokauka nikaifunika kwa ile ya unga, niliyoitia uji wa muhogo ishike.

Kiponda kaja kukagua. "Mbona hapa ubavuni kumefifia?"

"Ni jua hilo, Chairman. Usiguse, bado mbichi."

Akarudisha kidole kama mtoto aliyekemewa kwenye sufuria. Haya. Imebaki mvua.

Jumapili, 19 Oktoba

Mbingu kavu kama kisigino changu. Asubuhi nimekwenda kanisani – Kache nusura aanguke kwa mshangao. Mchana nimezimwagia koma za babu, mizimu yetu, tembo la mnazi. Atakayesikia kwanza na alete. Sitaki gharika. Manyunyu tu, Kiponda akiwa juu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Imenyesha!

Kiponda juu ya lori, suti nyeupe, medali, mkono hewani. Kwanza tone tone. Kisha ikamwagika. Kijani ikateremka ubavuni kama uji uliofurika chungu. Nikaona wekundu unachungulia – nikauma kofia nisicheke.

Watu wakasogea kutazama. Halafu sauti moja: "Kumbe alikuwa akibeba wagonjwa! Na mtu asijisifie hilo miaka yote!"

Makofi! Makofi, jamani! Na kigelegele kikali kuliko vyote, hapa hapa sikioni kwangu – Kache. "Shemeji, umeona? Labda ndiye aliyembeba Mwambire. Mimi miaka yote naota alifia vumbini." Anacheka, analia, leso imemlowa chapa.

Mimi mdomo wazi, mvua inaingia.

Kiponda hakupunga tena. Aliinama akautazama ule msalaba. Kisha akanitafuta katikati ya watu wote wale, mpaka akanipata.

Sasa ni jioni. Kache anachemsha chai, anaimba. Mtu anabisha hodi. Sauti naijua, lakini leo haina uchairman hata chembe. Inasema, "Kaingu, mwenehu, ndugu yangu, nifungulie."

Kache kachungulia dirishani. "Shemeji, ni Kiponda! Tena peke yake, kalowa. Nimkaribishe? Nataka nimuulize yeye mwenyewe. Nataka nimshukuru."

Hodi ya pili.

Kafuta mikono, kashika komeo. Ananitazama mimi –