Leodgar na Mmarekani Wake wa Misitu

Mwaka umetimia, Baba Deo, tangu asubuhi ile ya Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2017, moyo wako uliposimama ukiwa unafunga kamba za viatu kwenda kwenye mlima wa Observatory, juu ya mtaa wetu. Hata siku hiyo ulikuwa unaniacha.

Hatutadanganya mbele za watu. Ulikuwa mpole, fundi cherehani hodari, hukuwahi kumkemea mteja. Lakini kila Jumamosi ulifunga cherehani ukaenda kung'oa miti ya kigeni na kupanda ya asili, watoto wa mtaa wetu wa Bellevue wakikufuata kwa furaha. Bomba la jikoni kwako lilivuja miaka miwili.

Na yule Mmarekani wako! Mzee aliyekufa zamani, aliyezunguka misitu ya kwao yenye theluji kwa miguu, akaisumbua serikali yao kwa barua mpaka ikaacha kuikata. Ulikiokota kitabu cha maisha yake kwenye mitumba, ukakitafsiri kwa Kiswahili ili watoto wasomewe mlimani. Madaftari kumi! Ulijua mbwa wake, homa zake, hata kikohozi chake. Mimi nikiumwa jino unauliza, "Lipi tena?"

Kwenye mazishi, Angélique, mwenzako wa kupanda miti, alilia kunishinda mimi mjane. Watu wakampa pole yeye kwanza. Niliona wivu, nasema wazi, na bado ninao. Ndiyo maana alipokuja kuomba madaftari wayachape, nilimwambia yamepotea. Nilikuwa nayalalia chini ya godoro.

Mwezi uliopita mwanao Deo akanibana: "Eish, Mama, wape tu. Baba hakuwa wako peke yako."

Nikayatoa niyasome kwanza, nijue huyo Mmarekani aliyeniibia mume ana nini. Kwenye daftari la saba nikakutana na mke wa Mmarekani. Amesimama mlangoni, kanga kiunoni, anamfungia mumewe kisamvu cha karanga, anamwambia, "Nenda, lakini ukirudi na matope utalala nje."

Kwenye theluji, Baba Deo, kisamvu wanakitoa wapi? Na maneno hayo ni yangu, kila Jumamosi!

Deo akafungua kitabu cha Kiingereza. Mke yule ana mistari miwili tu. Wewe umempa kurasa kumi na moja. Umeandika kwamba mzee alimpenda kuliko msitu wote, ila hakujua amwambieje. Nimelia siku nzima, na hasira juu. Ungenitamkia mwenyewe ungepungukiwa nini?

Jumamosi hii Angélique atachukua madaftari tisa. La saba halitoki. Anayelitaka aje nyumbani, akae, nimsomee mimi.

Unakumbukwa na mkeo Hedwiga, wanao Deo na Chiku, dada yako Tabia, na wote wa mlimani, Angélique akiwemo.

Daima tutakukumbuka. Mimi wa kwanza, wengine wapange foleni.